Mawe Matatu ya Kwenye Kona

6 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake, mwambie nimefika salama, nakula, na kitanda cha bweni ni kirefu kuliko mimi, acheke kidogo.

Chuo ni kituko. Nina miaka thelathini na minne, wenzangu wana kumi na tisa, ishirini. Siku ya kwanza nilipoingia darasani wote walinyamaza wakakaa vizuri wakidhani mimi ndiye mwalimu. Nilipopita mbele nikaenda kukaa nao nyuma, karibu na mlango, kicheko kikaanza, na tangu hapo jina langu ni Afande. Naamka saa kumi na moja alfajiri, natandika kitanda mpaka shuka inakakamaa, halafu nakaa kumngoja mtu wa kunipa amri. Haji mtu. Mwalimu anasema mkipenda someni sura ya tatu, na mimi kwa miaka kumi na miwili sijawahi kuambiwa "mkipenda". Katikati ya majengo kuna uwanja mkubwa wa nyasi, wanafunzi wanaukatisha kuwahi vipindi. Mimi nazunguka kwenye saruji. Wanasema Afande anaringa, hataki viatu vyake viguse umande.

Sasa keti, kama umesimama. Jumatano tulikuwa na kipindi cha kwanza cha upimaji ardhi. Mlango ukafunguliwa, akaingia Luteni.

Ndiyo, yuleyule. Mkuu wetu wa kikosi cha kutegua mabomu, aliyeandika kwa mkono wake kwenye ripoti kwamba Ngongoti alikanyaga bomu "kwa uzembe wake mwenyewe". Kafuga ndevu, kavaa miwani, anaitwa Mwalimu na watoto wanamwamkia. Mimi nimenenepa na nimeacha nywele, na yeye anaita namba za usajili, haiti majina. Aliita yangu, nikajibu nipo, akaendelea na inayofuata. Hakunijua.

Nilikaa saa mbili namwangalia anachora mistari ubaoni. Sikuandika hata neno. Nikuambie nini, Dada. Kijana wa jirani akaniuliza kama nina homa.

Mdogo wako,
Kisiki

15 Oktoba

Kisiki mdogo wangu,

Marahaba. Mama naye anasema marahaba, na anauliza kama huko wanakupa chai ya kutosha. Barua yako niliisoma mkasi ukiwa mkononi, na matokeo yake kuna mtoto wa watu suruali yake ya shule ina mguu mmoja mfupi. Nimelipa kitambaa cha watu na wala sijutii.

Jambo hili usinipigie simu. Unajua kuta zetu ni za mbao, Mama anasikia mpaka ninachowaza. Andika.

Miaka sita, Kisiki. Miaka sita huyo mtu anakula, analala, anafuga ndevu. Walimleta Ngongoti, mdogo wangu wa damu, kwenye lori la mizigo, bila bendera wala baragumu, dereva akanipa karatasi nitie sahihi kwamba nimepokea. Wenzake wanne waliokufa mwaka uleule wamechongwa majina ukutani pale langoni mwa kambi. Lake halimo, kwa ajili ya neno moja. Mzembe hachongwi. Kila mwaka wanapofungua lango kwa ndugu wa marehemu, Mama anavaa nguo yake nzuri, anakwenda, anapitisha kidole kwenye yale majina moja baada ya jingine, huku akijua halimo. Nimemsihi asiende. Ananiambia labda wameliongeza.

Mungu angetaka kumficha yule mtu angeweza kumficha popote. Amekuletea mpaka darasani. Mimi simtaki afe, kufa ni kupumzika. Nataka aaibike mbele ya watu anaowaheshimu, apewe jina ashindwe kulifuta, kama alivyompa marehemu asiyeweza kujibu. Atajua hajui.

Wewe ndiye uliyekuwepo. Wewe uliona kwa macho yako. Hakuna mwingine wa kulisema hili ila wewe, na ndiyo maana nakutegemea kuliko nilivyomtegemea ndugu yangu yeyote aliye hai.

Dada Fundi

20 Novemba

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, tulikuwa na mitihani midogo, na mimi hesabu za pembe nilizisahau tangu sekondari. Vijana wa chumbani wananifundisha, kisha nawafundisha kupiga pasi. Mmoja hajawahi kushika pasi maisha yake, shati lake la kwanza alilitoboa.

Kuhusu yule. Namchunguza, usidhani nimelala. Wiki iliyopita alitupeleka uwandani kupigilia vigingi vya mipaka. Vijana wanapigilia wanaendelea mbele, yeye anafuata nyuma, anapiga goti kwenye kila kigingi, anakishika, anakitikisa, anaangalia udongo wa chini yake. Vigingi mia na ishirini, Dada, hakuacha hata kimoja. Wakamcheka, wakasema Mwalimu ana wasiwasi. Mimi sikucheka. Niliwaza, laiti angefanya hivyo siku ile.

Anafundisha vizuri, na hilo linaniudhi kuliko yote. Ningependa awe mjinga. Alinirudishia karatasi yangu kanipa arobaini na moja kati ya hamsini, chini kaandika "Kazi safi". Nilitaka kuichana, kisha nikaikunja nikaiweka kitabuni, sijui kwa nini.

Nilikuwa nafikiri labda tungoje nimalize mwaka huu wa kwanza. Nikifanya fujo sasa watanifukuza, na nafasi hizi za waliotoka jeshini hazipatikani mara mbili. Tena wakati mwingine najiuliza kama kumwaibisha kutambadilisha marehemu chochote. Nawaza tu, usikasirike.

Kisiki

1 Desemba

Kisiki,

Kazi safi? Nilikutuma ukapewe maksi?

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kama unaogopa, sema naogopa, nitakuelewa, hata simba wa jeshi hukumbwa na woga. Lakini usiniambie eti unawaza. Ulilala hema moja na mdogo wangu miaka minne. Mlikula sahani moja. Nguo zako nilikushonea mimi, na za kuanzia chuo pia. Siku ya mazishi Mama alikushika mkono mbele ya kaburi akasema, mimi nilikuwa na mwana mmoja, huyu hapa wa pili. Wanaume wa ukoo walisikia. Tangu hapo hujawahi kugonga mlango wa nyumba hii, unaingia tu. Paa lile uliliezeka wewe. Mama akiumwa anakuita wewe kabla yangu, nami sioni wivu, nashukuru.

Basi chagua. Mwanafunzi wa yule mtu, unamwamkia asubuhi na kumbebea vigingi, au mwana wa nyumba hii. Mbili kwa pamoja haziwezekani, na mimi sitarudia kusema.

Mama hajui nimekuandikia hivi. Anakusalimu, anasema ukija likizo uje na viatu vyako vya zamani, kuna mtu wa kuvivaa.

Dada Fundi

26 Februari

Dada,

Imekwisha. Soma taratibu.

Hapa chuoni wanatafuta mkuu mpya wa idara ya upimaji, na utaratibu wao ni kwamba kila anayeomba anatoa mhadhara wa wazi kwenye ukumbi mkubwa. Wanakuja walimu wote, mkuu wa chuo, wanafunzi wanaotaka, hata wake na waume zao. Mwisho mtu yeyote anaruhusiwa kuuliza swali lolote. Luteni alikuwa anaomba. Zamu yake ilikuwa juzi saa nne asubuhi. Na unajua alichagua kuzungumzia nini? Usalama wa mpimaji anapokuwa kazini. Nilipoliona tangazo ukutani nikajua hapa hakuna tena cha kungoja.

Nilivaa ile suti uliyonishonea. Nikakaa mstari wa kati. Mkewe alikuwa mbele kabisa, mama mmoja mnene wa heshima, anatabasamu. Luteni akasema dakika arobaini, akapigiwa makofi, wakaita maswali. Nikasimama. Nikajitaja mimi ni nani, sajini wa kikosi gani, na huyu aliyekuwa mbele yetu alikuwa nani kwangu. Nikasema habari za Ngongoti, za lori, za ukuta, za Mama anayepitisha kidole. Nikayasoma maneno ya ripoti kwa kichwa kama ulivyonifundisha, bila kukosea hata moja. Halafu nikauliza: "Luteni, mbele ya hawa watu, yule kijana alikuwa mzembe?"

Akavua miwani. Akaniangalia muda mrefu, mpaka watu wakaanza kugeuka kunitazama mimi. Kisha akasema: "Hapana. Hakuwa mzembe. Niliandika uongo."

Nikamuuliza kwa nini. Akajibu hana la kuongeza. Akaendelea kuniangalia vilevile, nami nikakaa.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Wanafunzi walimzomea, tena walewale aliowapigia magoti kwenye vigingi. Mkewe alinyanyuka akatoka bila kumtazama. Mkuu wa chuo akafunga kikao. Kesho yake jina lake likaondolewa kwenye orodha ya waombaji, na leo asubuhi nimepita ofisini kwake, mlango wazi, mhudumu anafagia, rafu tupu. Ameacha kazi. Wanasema na nyumba ya chuo amehama.

Sasa nikipita vijana wananipigia saluti, wengine kwa mzaha, wengine kweli. Umepata ulichokitaka, Dada. Nilidhani ningejisikia mwepesi. Najisikia kama nina mafua, nadhani ni vumbi la ukumbi.

Kisiki

5 Machi

Mwana wa nyumba hii,

Nilifunga duka. Saa tano ya mchana, wateja nje, nikafunga. Nikamsomea Mama barua yote mara mbili, pale penye mkewe kunyanyuka nikarudia mara ya tatu kwa raha zangu. Mama akaniomba nimsomee tena hapo penye "hakuwa mzembe". Nikasoma. Akainuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Mimi nimecheka, Kisiki. Nimecheka peke yangu juu ya cherehani mpaka jirani akachungulia. Azomewe na azomewe tena. Alale kwa shemeji zake huko wamwangalie anavyokula. Sitaona haya kusema nimefurahi, nimeingoja furaha hii miaka sita.

Jana nilikwenda makao makuu ya jeshi na barua yako mfukoni. Nilimkuta karani mmoja mwanamke, ana adabu zake, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema maneno ya ukumbini hayafuti ripoti. Habari walikuwa wameshazipata, wamemwandikia Luteni atoe maelezo, hajajibu, na hata akijibu haitoshi, maana yeye alifika baada ya bomu kulipuka. Wanataka maandishi ya mtu aliyekuwepo, yenye sahihi, yanayoeleza ilikuwaje. Wakiyapata, neno lile linafutwa na jina linachongwa kabla ya siku ya kufungua lango, mwisho wa Mei.

Mtu huyo ni wewe. Ukurasa mmoja tu. Wewe ambaye umesimama mbele ya watu elfu moja, utashindwa na karatasi?

Dada yako anayejivunia,
Fundi

7 Machi

Sajini,

Anwani yako nimeipata kwa mhudumu wa idara. Sikuandikii kukulaumu kwa ukumbi. Neno lile niliandika mimi, na lilistahili kunirudia.

Ulidhani sikukujua. Nilikujua wiki ya kwanza. Sura yako imebadilika, lakini ule uwanja wa nyasi unakatishwa na wanafunzi elfu mbili, na watu wanaouzunguka ni wawili tu. Dirisha langu lilikuwa linautazama. Nilikuona asubuhi ya pili, ukifuata ukingo wa saruji na vitabu kwapani, nikajua ni mmoja wetu, na kwa ule ufupi nikajua ni nani.

Sasa nikuambie nilichokiona siku ile, kwa kuwa hujawahi kuniuliza. Nilifika pale kwenye kona baada yako. Mawe yote ya kuonyesha njia tuliyokwisha kuisafisha yalikuwa yamekaa siku tatu, yamezama, yana mchwa. Matatu ya kwenye kona yalikuwa na udongo mbichi. Hatua moja nje yake majani yalikuwa yamelala, alama tatu za duara, zenye nafasi ileile. Na mikono yako, Sajini, ilikuwa na rangi nyekundu iliyochubuka kwenye mawe. Haikuwa damu. Damu naijua.

Tulikuwa tumebaki watu saba. Mbele yetu kulikuwa na njia ya siku kumi na moja ya kutoka kule, na mkono uliokuwa na uhakika kuliko yote ulikuwa wako. Ningekukamata, nani angetutoa? Basi nikaandika kile mawe yalichokuwa yanasema. Ulitutoa wote saba. Baada ya hapo nilikuwa na miaka sita ya kuandika upya na sikuandika. Hilo ni langu.

Lakini ukumbini, niliposema "niliandika uongo", nilinyamaza makusudi. Nilikuachia nafasi. Nilikuangalia nikingoja useme nusu yako. Ukakaa chini ukaacha nizomewe.

Jeshi limeniandikia. Sitajibu, maana wataniuliza alikanyaga kwa nini, na jibu lina jina lako. Ukiandika wewe, nitathibitisha kila neno. Usipoandika, nitakaa kimya mpaka nizikwe, na wewe uendelee kuitwa shujaa na ndugu wa marehemu. Sijui adhabu kubwa kuliko hiyo, na nakutakia uipate yote.

Aliyekuwa Luteni wako

29 Machi

Dada,

Shikamoo. Najua umengoja. Barua hii nimeianza mara nyingi.

Kuna jambo sikukuambia. Asubuhi ile gari la maji lilikwama kwenye kona, njia ilikuwa nyembamba, dereva anapiga honi, watu wana kiu. Mimi ndiye niliyekuwa nasimamia mawe. Nilisogeza mawe matatu hatua moja kwenda nje ili lipite. Mahali pale hatukuwa tumepasafisha, lakini mbuzi walikuwa wamepita juu yake wiki nzima, nikaona hakuna shida. Gari likapita salama. Nilikusudia kuyarudisha mara moja, nikaitwa kwenye redio, nikasahau. Mchana Ngongoti akapita pale.

Ilikuwa bahati mbaya, Dada. Kila siku naikumbuka. Luteni alifanya makosa yake na mimi nilifanya langu. Nilikuwa nataka kukuambia tangu siku ya mazishi, ila Mama alinishika mkono, nikashindwa.

Nisamehe.

Kisiki

6 Aprili

Kisiki,

Nimeisoma. Mama sijamwambia.

Sitatukana. Nina swali moja tu, na mimi ni fundi, naangalia mshono. Ile ripoti nimeisoma mara nyingi kuliko aliyeiandika. Inasema mwili ulikutwa nje ya mawe. Ndiyo maana wakamwita mzembe: aliyaona mawe, akayavuka. Wewe unasema ulikuwa umeyasogeza nje, ukasahau, na yalikuwa bado nje alipopita. Basi mdogo wangu alikuwa ndani ya mawe. Alifuata mawe yako kama alivyofundishwa.

Picha za ripoti zilipopigwa, mawe yalikuwa yamerudi mahali pake. Yalirudije?

Niandikie upya. Taratibu, tangu asubuhi, bila "bahati mbaya" na bila "nisamehe".

Fundi

12 Aprili

Dada,

Nakuandikia kama nilivyopaswa kuandika miaka sita iliyopita.

Mawe yetu tulikuwa tunayapaka nusu nyeupe, nusu nyekundu. Nyeupe inatazama njia, nyekundu inatazama hatari. Mtu akitembea kwenye nyeupe yuko salama, hana haja ya kufikiri. Sheria ya kikosi ilikuwa kwamba jiwe halihamishwi hata kwa upana wa kidole kabla ardhi haijapimwa upya. Saa mbili asubuhi mimi nilihamisha matatu, peke yangu, bila kupima, kwa ajili ya honi.

Saa saba gari la maji lilikuwa linarudi. Ngongoti alikuwa anakuja upande wa pili ameshika masufuria mawili. La pili lilikuwa langu, nilikuwa bado kwenye redio sijala. Akajibanza kando kwenye kona ili gari lipite. Alisimama kwenye nyeupe. Dereva wa gari alifariki palepale, kwa hiyo hakuna mwingine aliyeona.

Nilikuwa wa kwanza kufika. Nilipoona mawe nikajua. Sikumgusa yeye kwanza, Dada. Alikuwa bado anapumua. Niligusa mawe kwanza. Niliyarudisha moja moja, la kwanza, la pili, la tatu, nikayageuza vizuri nyeupe itazame njia, kisha ndipo nikaenda kwake. Nilipofika alikuwa ameshakata roho. Wenzetu waliponikuta nimemshika walidhani nilikuwa naye muda wote, na mimi nikaacha wadhani.

Luteni aliliandika lile neno. Lakini aliyelitengeneza ni mimi, kwa mikono miwili, huku rafiki yangu ananisikia. Nilipomwona darasani nilifurahi kumchukia, maana alikuwa ananipunguzia. Nilisimama ukumbini nikijua. Sikujua tu kwamba naye anajua.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili. Ni haya haya, yameandikwa kwa makao makuu ya jeshi. Ukiipeleka, jina litachongwa na mimi nitafikishwa mahakamani kwao. Ukiichoma, sitaandika nyingine bila wewe kuniambia. Ni juu yako. Hivi ndivyo ulivyosema siku ya kwanza, kwamba aliyekuwepo ndiye wa kusema.

Sajini wa Kikosi cha Mabomu,
Namba ya jeshi 40718

30 Mei

Kisiki,

Karatasi yako nilikaa nayo siku tisa, kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Nataka ujue nilifikiri nini, kila kitu.

Siku ya kwanza nilitaka kuipeleka mbio bila hata viatu. Kufika ya tano nilikuwa nataka kuichoma, tena si kwa huruma. Nilikuwa nimekujua. Niliona kwamba kukupeleka mahakamani ni kukusaidia: utahukumiwa, utafungwa, siku moja utatoka, utasema nimemaliza. Nilitaka usimalize. Nilitaka ubaki chuoni na saluti za watoto, uzunguke hizo nyasi mpaka uzeeke. Nilishika kiberiti, Kisiki, nakuambia kweli. Nikaona nikiichoma nakulipiza wewe na mdogo wangu anabaki mzembe. Utakuwa umenichukulia hata hicho kisasi, kisiwe changu.

Nikaipeleka. Yule karani aliisoma akanipa kiti. Luteni amethibitisha kila neno. Usidhani yeye nimemsamehe. Alipata watu wawili wa kuchafua, akamchagua asiyeweza kujibu. Utapata barua ya wito mwezi wa sita. Nenda. Chuo nimekiandikia mimi, wasije wakashtuka.

Ripoti imebadilishwa. Jana walifungua lango. Jina lake kamili limechongwa, la tano kutoka juu. Mama alikwenda na nguo yake nzuri. Akaanza juu kama kawaida yake, akashuka na kidole, na alipolifikia hakulia. Alilipapasa herufi kwa herufi, akarudia tangu mwanzo. Watu walimpisha. Halafu akageuka akatafuta huku na huku akaniuliza, mbona Kisiki hakuja siku kama hii.

Nilikuwa nimepanga kumdanganya. Nilikuwa nimeshaupanga uongo wote, wa mitihani. Nikamtazama pale na kidole chake chenye vumbi la jiwe, nikashindwa kumdanganya mbele ya jina lile. Nikamwambia. Gari la maji, mawe, na kwamba alikuwa bado anapumua. Nilimwambia yote pale pale tumesimama, kwa sauti ya chini, watu wakipita.

Tukatembea mpaka kituoni, tukapanda, tukafika nyumbani, akavua nguo yake akaikunja. Mimi nilidhani atauliza kama gerezani unapewa chakula, maana unamjua Mama. Nilikuwa hata nimeanza kukuonea huruma kwa niaba yake.

Akasema: "Mwandikie asiniite Mama tena."

Akaniambia nizime redio, akaingia kulala.

Fundi